Kichupa Kimoja cha Ganzi

Hapo zamani, wala si zamani ya majitu na sungura, bali zamani ya ile masika iliyoporomosha mlima ukaifukia barabara, palikuwa na kliniki ndogo huko Kipembe, juu ya mashamba ya chai ya Rungwe. Ilikuwa na vyumba vinne, bati jekundu, na nesi mmoja aliyeitwa Atuganile. Kila baada ya miezi mitatu alipanda daktari kutoka mjini, Daktari Lugano. Akifika leo, kesho anatibu, keshokutwa asubuhi anashuka. Wanawake wenye tatizo kwenye mlango wa kizazi walimsubiri yeye.

Nisikilizeni vizuri, na wanaume msikilize, maana hakuna kati yenu aliyeokotwa.

Kipimo kilikuwa hivi. Nesi alipaka siki kwenye mlango wa kizazi. Pasipobadilika rangi, mwanamke alikwenda zake. Pakigeuka kuwa peupe, jina lake liliandikwa, na daktari alipopanda alimkata kinyama kidogo, kama punje ya mtama, kikapelekwa mjini kuangaliwa kama kina saratani. Punje ya mtama tu. Lakini punje hiyo ilikatwa bila ganzi. Daktari alifundishwa hivyo, na waliomfundisha walifundishwa hivyo: kwamba mahali pale hapana hisia. "Kohoa, mama," husema daktari. Mama akikohoa, mkasi unakata. Na nesi yuko pembeni, amemshika bega: "Vumilia, mama. Vumilia, imekwisha."

Wapo waliosikia kama wamefinywa. Wapo waliosikia kama wamechomwa na kaa la moto. Na wapo walioshuka kitandani kabla ya kukatwa, wakavaa, wakaenda. Hao wa mwisho ndio waliomnyima raha Nesi Atuganile, kwa sababu alikutana nao sokoni, na wao wakajifanya wanachagua nyanya.

Siku ya hadithi hii, benchi la kliniki lilikuwa na wanawake watatu.

Mmoja alikuwa Tusekile, mama Ipyana, mchuma chai, mwanamke wa sauti kubwa na mikono myeusi kwa utomvu wa majani. Yeye alikuwa ameshakatwa mara moja, miezi sita nyuma. Uchungu ulipompata aliruka, mkasi ukateleza, kikatoka kinyama kidogo mno. Mjini wakajibu: hakitoshi, rudieni.

Tusekile akasema, "Nitarudi. Lakini kwanza nitasema."

Akaenda kwenye mkutano wa kijiji. Wanaume walikuwa wanajadili mabomba ya maji. Tusekile akanyoosha mkono, akasimama.

"Mwenyekiti, mzee Mwaisaka hapo alipong'olewa jino, alichomwa ganzi. Si kweli, mzee?"

"Kweli," mzee akajibu, hajui anapelekwa wapi.

"Jino hilo. Mimi nimekatwa nyama ndani ya mwili wangu, nikaambiwa nikohoe."

Mtu mmoja akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akanyamaza. Wanaume wakatazama viatu vyao. Tusekile akaendelea mpaka mwisho, hakuruka neno. Habari zile zikamfikia Daktari Lugano, na kwa haki lazima niseme, hakukasirika. Alisema, "Basi tulifundishwa vibaya." Akaenda hospitali kubwa kujifunza namna ya kuchoma ganzi mahali pale, akaandika barua ya kuomba dawa, akaandika tena, na dawa ikakubaliwa. Bila Tusekile, hata tone lisingepanda mlima ule.

Wa pili alikuwa Subilaga, fundi cherehani, miaka ishirini na minane. Huyu alikuwa amekimbia mara mbili. Mara ya kwanza alikimbia alipoona mkasi. Mara ya pili alikimbia aliposikia mlio wa trei tu. Na hali yake ndiyo ilikuwa mbaya kuliko za wenzake wote: weupe ulikuwa umetanda, na siku hizi alitokwa na damu nje ya siku zake. Nesi Atuganile alimwendea nyumbani mara tatu. Mara ya tatu alisimama mbele ya cherehani yake, akamwambia, "Subilaga, safari hii kuna ganzi. Nakuapia kwa jina la mama yangu."

Kwa kiapo hicho, Subilaga akaja.

Wa tatu alikuwa Bibi Nsubisi, mwenye miaka sitini na moja, aliyekaa upande wa chini, kule barabara ya mjini inakotokea. Sasa ndiyo tunafika penyewe.

Daktari alipanda jana yake. Dawa ya ganzi ilikuwa ije kesho yake kwa gari, kwa sababu siku aliyopanda alikuta stoo ya dawa mjini imefungwa. Kabla ya kesho hiyo kupambazuka, mlima ukaporomoka. Gari likafika kwenye tope, likasimama. Dereva alishuka, akatazama huku na huku, akamwona mama mzee amepandisha kitenge magotini, anatafuta mahali pa kuvukia.

"Bibi, unakwenda wapi kwenye hatari hii?"

"Kliniki. Jina langu ni la kwanza kwenye orodha."

"Basi nisaidie, bibi yangu. Nipelekee hiki kwa nesi."

Akampa kikasha. Ndani mlikuwa na vichupa vitatu vya kioo, vile vya kuvunjwa shingo, kimoja kwa kila mgonjwa. Bibi Nsubisi akakibeba mgongoni kwa kanga kama mtoto. Akavuka tope. Akavuka mawe. Alipobakiza hatua chache afike kwenye majani, mguu ukateleza, akaanguka chali.

Alifika kliniki amelowa, kiwiko kinavuja damu, kanga inanukia dawa. Nesi hajamuuliza kitu. Yeye mwenyewe akaweka kikasha mezani akasema, "Mwanangu, walikuwa watatu. Wawili nimewaua."

Akafungua. Vichupa viwili vilikuwa vigae. Kimoja kilikuwa kizima.

Kichupa kimoja, wanawake watatu. Gari limerudi mjini. Daktari anashuka kesho asubuhi kwa miguu, kupanda tena ni baada ya miezi mitatu.

"Kigawanywe," akasema Tusekile.

Daktari Lugano akatikisa kichwa. "Nikikigawa mara tatu, mama, hakuna atakayekufa ganzi. Mtapata uchungu wa sindano, halafu na uchungu wa mkasi juu yake. Kinamtosha mtu mmoja." Kisha akamgeukia nesi. "Nesi, mimi nawaona hawa mara nne kwa mwaka. Wewe unaishi nao. Chagua wewe."

Nesi Atuganile alimtazama daktari kwa muda. Aliona mzigo wa watu wawili umewekwa kichwani pake peke yake. Akatoka hadi kwenye benchi, kichupa kimo kiganjani.

"Kimebaki kimoja," akasema. "Sitaki kuamua kabla sijawasikia. Semeni. Ni cha nani?"

Tusekile akasimama. "Ni changu."

"Kwa nini, mama Ipyana?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekiomba. Nilisimama mbele ya wanaume, mbele ya baba mkwe wangu, nikataja viungo vyangu. Tangu siku ile kuna watu wananiita mama Ganzi, na hawanisifu. Ninyi mlikuwa wapi? Subilaga alikuwa anajificha, na Bibi alikuwa amenyamaza. Tena mimi peke yangu kati yetu ninaujua uchungu huu, nimeshaupata. Mnataka niupate mara mbili, kwa ajili ya dawa niliyoileta kwa mdomo wangu mwenyewe?"

Akakaa. Nesi akamgeukia Subilaga.

Subilaga hakusimama. Alisema akiwa ameshika ukingo wa benchi. "Ni changu."

"Kwa nini, Subilaga?"

"Kwa sababu uliniapia, dada. Nisingekuja. Mimi sitaki kujifanya jasiri, najijua. Nikiwekwa pale bila ganzi, miguu yangu itanishusha yenyewe, na nikishuka mara ya tatu sitarudi tena. Na hali yangu mnaijua. Nina watoto wawili, mdogo hajaanza shule."

"Kwa hiyo mwoga ndiye anayepewa?" Tusekile akauliza.

"Mwoga naye ana mwili, mama Ipyana."

Nesi akamgeukia yule mzee. "Na wewe, Bibi?"

"Mimi? Wapeni watoto," akasema Bibi Nsubisi. Halafu akainua mkono wake wenye damu. "Hapana. Ngoja. Hilo neno limetoka lenyewe, limezoea kutoka. Ni changu."

"Kwa nini, Bibi?"

"Nimezaa saba, nimezika wawili. Kila nilipoumia watu walisema, Nsubisi ni mvumilivu. Nikasifiwa, na baada ya sifa nikaongezewa. Nani aliwaambia kwamba aliyezoea kuumia haumii? Mimi ndiye niliyekibeba. Jina langu ni la kwanza. Nikinyamaza leo, nitapitwa kama nilivyopitwa siku zote."

"Lakini Bibi," Tusekile akasema, na hakusema kwa ubaya, "vile viwili umevivunja wewe."

"Nimevivunja. Na hiki kimoja, kilipanda mlima chenyewe?"

Nesi Atuganile akaenda nje kwenye tangi la maji, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu. Aliporudi, macho yalikuwa yanatazama sakafu.

"Subilaga," akaita. "Njoo."

Tusekile akaruka wima. "Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu wewe utabaki, mama Ipyana, hata bila ganzi. Bibi naye atabaki. Huyu hatabaki. Nataka vinyama vitatu vishuke mjini kesho, sitaki viwili."

"Kwa hiyo," Tusekile akasema polepole, "kama mimi ningekimbia mara mbili, leo ningekuwa mimi."

Nesi akageukia kabati la dawa. Akawapa Tusekile na Bibi vidonge vya maumivu, vile alivyokuwa navyo, akaingia chumbani na Subilaga.

Daktari akavunja shingo ya kichupa, akavuta dawa. Akamwambia Subilaga atasikia kama amechomwa na mwiba, naye akasikia kama amechomwa na mwiba. Wakangoja dakika chache. Nesi akamuuliza habari za cherehani. Subilaga akaeleza kwamba ana sare kumi na mbili za shule za kumaliza, na kwamba kitambaa cha mwaka huu ni chepesi, kinachanika kwenye makwapa.

"Daktari," akasema akikatiza maneno yake, "unaanza saa ngapi?"

"Nimeshamaliza, mama."

Subilaga akatoka nje anacheka. "Jamani! Kumbe ni hivi tu? Nilikuwa nakimbia nini siku zote?"

Kisha akawaona wawili waliobaki kwenye benchi, na kicheko kikamfia mdomoni.

Akaingia Bibi Nsubisi. Alipanda kitandani bila kushikwa. Nesi akasimama pembeni pake, akataka kusema lile neno lake la miaka yote, "vumilia", likamkwama. Akasema lingine: "Bibi, ukitaka kulia, lia."

"Sijui kulia watu wakinitazama, mwanangu. Nipe mkono tu."

Daktari akamwomba akohoe. Akakohoa. Kwa vile weupe wake ulikuwa sehemu mbili, ikabidi akohoe tena. Bibi hakutoa sauti, si mara ya kwanza, si mara ya pili. Ilipokwisha alishuka, akafunga kitenge chake vizuri, akasema, "Ndaga, asanteni," akatoka.

Daktari alikuwa anaandika. Akainua macho akauona mkono wa nesi. Juu ya kifundo palikuwa na alama nne za kucha, na moja ilikuwa inatoa damu.

"Miaka kumi na moja," daktari akasema, "nimekuwa nikidhani wanaonyamaza hawaumii."

Nesi aliifuta damu kwa pamba. Alikwenda kumwita Tusekile.

Tusekile akasema mlangoni, "Mimi sitanyamaza. Mtu asiniambie ninyamaze."

"Hatutakuambia."

Na kweli hakunyamaza. Alilia kwa sauti aliyoitumia kwenye mkutano. Wachuma chai kwenye mteremko wakainua vichwa, wakasimama na vikapu migongoni. Safari hii hakuruka; alijishikilia kitandani kwa mikono yote miwili na akalia tu. Nje kwenye benchi Subilaga alisikia. Hapo ndipo alipojua amepewa nini. Akasimama, na watu wote wakadhani anakimbia, maana ndiyo tabia waliyomjua nayo. Yeye akasukuma pazia akaingia ndani, kwenye chumba kilekile alichokikimbia mara mbili, akamshika Tusekile kichwa.

"Nisamehe, dada. Nisamehe."

"Nishike kwanza," Tusekile akasema kati ya kilio na kilio. "Hayo mengine baadaye."

Vinyama vitatu vikashuka mlimani kwa miguu ya daktari. Baada ya wiki tano majibu yakapanda.

La Subilaga: chembe mbaya zimeanza, lakini hazijawa saratani. Aliitwa mjini, zikaondolewa, akapona. Angengoja mwaka mwingine, daktari alisema, tungekuwa tunaongea mengine.

La Tusekile: hakuna kitu. Yuko salama. Uchungu wote ule mara mbili, na hakuna kitu.

La Bibi Nsubisi: saratani, lakini bado changa. Akapelekwa hospitali kubwa, akapasuliwa, akakaa huko miezi miwili na binti yake. Akarudi amekonda, anatembea kwa fimbo, lakini amerudi.

Tangu hapo pale Kipembe hakatwi mwanamke bila ganzi, isipokuwa yeye mwenyewe aseme hataki. Dawa huletwa mapema, tena zaidi ya idadi ya wagonjwa. Na Daktari Lugano, anapofundisha madaktari vijana, haanzi na mkasi. Anawaambia habari za mkono wa nesi.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Hayakuishia.

Bibi Nsubisi aliporudi, wote walikwenda kumpa pole. Subilaga alikuwa ameshona magauni mawili, moja la Bibi, moja la Tusekile. Bibi akalipokea akalijaribu palepale juu ya nguo zake. Tusekile naye akalipokea, akalikunja, akaliweka mapajani.

"Gauni nimelipokea," akasema, "na wewe Subilaga sina neno nawe. Lakini nesi, jibu langu sijalipata. Nilikuuliza, kama ningekimbia?"

"Ungekuwa wewe," nesi akasema. "Ni kweli. Sikuwapima nani ana haki. Niliangalia nani nitampoteza."

"Basi umetufundisha kukimbia."

"Labda. Lakini wote watatu mko hapa, mama Ipyana. Niambie ningefanya nini tofauti, tukawa bado hapa wote watatu."

Tusekile akafikiri. Lakini hakukubali.

Bibi Nsubisi alikuwa akisogeza sinia la viazi mbele yao. Nesi akamwuliza, "Na wewe, Bibi, una hasira nami?"

"Kuhusu dawa? Hapana. Dawa ilikuwa moja." Akajinyoosha kidogo, akashika tumbo panapouma. "Kilichonikaa moyoni ni kwamba ulipotoka kule kwenye tangi, hukunitazama. Ulisema 'Bibi naye atabaki', lakini mimi hukuniuliza. Ungenitazama."

Nesi Atuganile akainama. "Niliogopa, Bibi. Nilijua nikikutazama nitabadili mawazo."

"Huenda ulipaswa kubadili," Bibi akasema, tena kwa upole. "Huenda hukupaswa. Mimi sijui. Kuleni viazi hivyo, vinapoa."

Wakala viazi. Hakuna aliyeamua.

Haya, ninayoyajua mimi yameishia kwenye sinia lile la viazi. Tusekile na nesi wanasalimiana mpaka leo, lakini kwenye benchi la kanisa huacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Mumewe Subilaga anasema nesi alitenda sawa, na mnajua kwa nini anasema hivyo. Mabinti wa Bibi Nsubisi wanasema mama yao alidhulumiwa, na hilo nalo mnajua linatoka wapi. Ninyi hamna mke hapo wala mama, kwa hiyo nawauliza ninyi.

Mmoja alikiomba kwa aibu yake mbele ya watu. Mmoja alikibeba mgongoni, akavunja viwili, akafikisha kimoja. Mmoja hakukiomba wala hakukibeba, lakini bila hicho angeondoka na ugonjwa wake. Kichupa ni kimoja, hakigawanyiki, na kesho daktari anashuka.

Je, nani alistahili kuchomwa ganzi? Semeni, na tuanze na wewe hapo uliyeinamisha kichwa.